Kausalya na Filamu ya Nyuzi Zilizofunguka

Katika karakana yetu ya kusokota sigara za majani, nje kidogo ya mji wa Kannur, kusini mwa India, kazi yangu ilikuwa kusoma. Wenzangu walikata majani, wakatia tumbaku, wakafunga uzi. Mimi, Kumaran, nilikaa juu ya kibao nikawasomea gazeti asubuhi na riwaya mchana, na kila mmoja akanisokotea sigara chache ili malipo yangu yasipungue. Hakuna aliyenikatiza kama Kausalya, mjane wa miaka arobaini aliyeishia darasa la nne.

“Kumaran, hebu rudi nyuma. Huyo mwandishi anasema nini hasa?”

“Anasema ukweli una sura nyingi.”

“Atutajie mbili tu, tuone kama anazijua.”

Karakana nzima ikaangua kicheko, nami nikapoteza mstari.

Mwaka wa 1979 chama cha filamu cha maktaba yetu kilileta filamu ya Jayadevan, kijana wa wilaya yetu aliyekwenda mbali kusomea kazi hiyo. Ilikuwa Jumapili mchana. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa magunia, na Jayadevan mwenyewe alikaa safu ya nyuma akitafuna kucha.

Filamu ilimhusu mwanamke msokotaji anayekataa kufunga uzi. Sigara zake zinafunguka mezani. Kesho yake vifungo vya mashati mjini vinaachia, kamba za ng’ombe zinafunguka, na ndoa nazo. Mwanamume mmoja anatembea barabarani akiuliza: ni nini kilichokuwa kimetushika pamoja? Ilichukua saa tatu, na mwishoni ulionyeshwa mto tu ukitiririka. Kufikia saa ya pili nusu ya ukumbi walikuwa nje wakinywa chai ya rangi.

Taa zilipowashwa, Mwalimu Achuthan, katibu wa chama, alisimama akaisifu kwa maneno ambayo hata mimi msomaji sikuyaelewa yote. Kisha akauliza nani ana la kusema. Kausalya akanyoosha mkono.

“Yule dada kwenye filamu anakata jani kinyume cha mishipa,” alisema. “Kwetu angefukuzwa kabla ya saa nne asubuhi.”

Watu wakacheka. Jayadevan akainamisha kichwa.

“Sijamaliza. Watu wake wote wanaongea kama vipeperushi vya kampeni. Saa tatu nzima hakuna aliyekula hata kipande cha muhogo. Na ule mto mwishoni, tumeutazama mpaka nikataka kuoga.”

“Kausalya, inatosha,” Mwalimu akanong’ona.

“Mwalimu, niache. Kuna mahali mikono ya yule dada inaonekana peke yake, muda mrefu, haina sauti. Halafu inaacha uzi. Miaka ishirini na mitano nimefunga uzi, sijawahi kujiuliza ningeuacha ingekuwaje. Leo nimejiuliza. Filamu zinazonifurahisha naziona nyingi, mwanangu, na nikifika nyumbani nimeshazisahau. Hii yako itanikosesha raha.”

Jayadevan akasimama. “Dada, niukate mto?”

“Mto kata. Mikono usiiguse.”

Kesho yake karakanani Kausalya hakunikatiza hata mara moja. Nilimwona ameshika uzi, ametulia, anavitazama vidole vyake.

Tangu hapo ubao mweusi wa maktaba ukawa wake. Kila baada ya onyesho aliugawa kwa mstari: upande mmoja akaandika *Imebeba*, kwa yale filamu iliyoyaweza, upande wa pili *Imeangusha*, kwa yaliyoishinda. Wenye maneno yao walisema mjane kapata kiti cha hakimu. Lakini Jumatatu asubuhi walipita kusoma, hata wasiokwenda kutazama.

Baada ya miaka mitano Jayadevan alikuja karakanani na binti, mwigizaji wa filamu yake mpya. Kausalya alimfundisha binti huyo siku kumi: kulilowesha jani, kulikata, kukunja ncha kwa ukucha. Binti yule aliondoka na vidole vilivyochubuka, anasokota vizuri.

Filamu ilipofika, mikono ilikuwa sahihi. Watu walikula wali, mtoto alikohoa, mama akalia, na ukumbi mzima tukalia naye. Hakuna aliyetoka. Jayadevan alimtazama Kausalya kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

“Ni nzuri,” Kausalya alisema. “Haina kosa. Ila ile ya kwanza ilikuwa inafikiri, Jayadevan. Hii inatuonyesha tunachokijua, inatupangusa machozi, inatuaga.”

“Lakini dada, makosa yote uliyonitajia nimeyarekebisha!”

“Umeyarekebisha. Na lile wazo umelipeleka wapi?”

Aliondoka bila kunywa chai. Mimi nilimkasirikia Kausalya, nikamwambia alikuwa na ulimi wa wembe.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja Jayadevan aliingia karakanani, akakaa sakafuni karibu na miguu ya Kausalya.

“Nimekukasirikia miezi mitatu.”

“Mimi ningekasirika sita.”

“Niliogopa, dada. Baada ya ile ya kwanza, kila mlango niliobisha ulifungwa. Nilitaka mara moja tu watu wasitoke.”

Kausalya akaweka mkasi chini. Baadaye aliniambia aliona aibu: alidai ushujaa kana kwamba ni yeye aliyekuwa anaulipia.

“Nisamehe kwa nilivyosema,” alimwambia. “Nilichosema siwezi kukirudisha. Anayebeba gunia zito lazima ajikwae, na sisi tuliokaa barazani ndio tunaocheka. Lakini wewe mgongo huo unao.”

Filamu yake ya tatu alikuja nayo baada ya miaka minne. Ilikuwa ya kijiji kinachoamua kutokumbuka chochote kilichotokea kabla ya jana. Ilikuwa ndefu, mahali pengine hadithi imepotea njia, na watu wakatoka kama zamani. Kausalya alikaa mpaka mwisho, mikono mapajani. Chini ya *Imeangusha* aliandika mambo manne. Chini ya *Imebeba* aliandika moja: *Nani anafaidika tukisahau?*

Karakanani tulibishana juu ya swali hilo mpaka Alhamisi, gazeti halikusomwa. Ijumaa wanawake wanne waliotoka ukumbini kabla ya mwisho wakaenda kwa Mwalimu Achuthan kumwomba filamu ionyeshwe tena.