Mfuko wa Walimu Umekwenda Wapi?

Shemeji alisema angepiga simu saa tatu usiku. Saa saba simu ilikuwa bado kimya mezani, na Mama Shuka, kama walivyomwita wenzake wa chumba cha kufulia hospitalini, alikwisha kuigusa mara ishirini kuona kama haijaisha chaji.

Habari yenyewe iliingia jioni. Ripoti ya mwaka ya kampuni ya saruji ilikuwa imetoka, na kwenye orodha ya wanahisa kumi wakubwa, mfuko wa pensheni wa walimu, uliokuwa wa pili mwaka jana, haukuwemo.

"Wakubwa wamejua kitu, shemeji," alikuwa amesema shemeji huyo, ndugu wa mumewe, jioni hiyo. "Wamejitoa kimyakimya. Ngoja niulize mtu wangu, lakini jiandaeni kuuza asubuhi."

Hisa zao chache za saruji ndizo zilikuwa ada ya binti yao, anayeanza chuo cha uuguzi mwezi ujao. Bei ilikuwa imeshuka. Wakiuza sasa, wangepata ada ya mwaka mmoja badala ya mitatu. Wakingoja na kampuni ikaporomoka, hata huo mmoja wangeukosa. Mumewe, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, alikuwa ametia sahihi fomu ya kuuza, akaenda kulala. Ilibaki sahihi ya mkewe.

"Hulali?" mume aliuliza kutoka kitandani.

"Nitalalaje, roho iko mkononi?"

"Basi tia sahihi ulale."

"Nikitia ndiyo sitalala kabisa."

Akazitandika ripoti mbili mezani, ya mwaka jana na ya mwaka huu, akachukua rula ya mumewe ya kupimia vitambaa na kuiweka chini ya kila mstari. Shule aliishia darasa la saba, na majina yale marefu yalimchosha. Tarakimu hazikumchosha. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akihesabu shuka. Wodi ya wazazi ikipungukiwa shuka arobaini na tatu, hakupiga kelele za wizi kabla hajazihesabu wodi nyingine.

Akaachana na majina. Mwaka jana, mfuko wa walimu: hisa 3,218,406. Mwaka huu, mstari wa pili, jina la benki na maneno "kwa niaba ya mteja": 3,218,406. Akarudisha rula, akasoma upya kwa kidole. Haikupungua hata moja.

Akamtikisa mumewe.

"Hawajauza. Wamehamishwa wodi."

"Nani?"

"Walimu. Hisa zao wameipa benki iwashikie, ndiyo maana limeandikwa jina la benki."

Mume akavaa miwani, akatazama kwa muda. "Labda kuna mtu kazinunua zote."

"Zote, asibakize hata moja? Wateja wako wangapi hubeba jora zima?"

"Wapo."

Neno hilo moja likamla mpaka kukakucha.

Asubuhi walimkuta shemeji mlangoni kwa wakala wa hisa, shati limepigwa pasi utadhani anakwenda harusini.

"Mtu wangu hapokei simu," alisema. "Fomu mnayo?"

"Tunayo."

"Imetiwa sahihi?"

"Nusu," akajibu mume.

Shemeji akamgeukia Mama Shuka. "Usije ukanilaumu. Orodha inasema wameondoka."

"Orodha inasema jina limeondoka. Sababu haisemi. Tena ni ya mwisho wa Desemba, na sasa tuko Machi. Kama ni kukimbia, walishakimbia zamani. Robo saa ya kuuliza haitatuongezea hasara."

"Na bei ikianguka ndani ya hiyo robo saa?"

Mama Shuka akatoa ripoti ya mwaka huu mkobani. Swali hilo hilo alikuwa akijiuliza tangu alfajiri.

Ufunguo ukazunguka kwa ndani. Karani akafungua mlango, kikombe cha chai mkononi.

"Nani anauza?"

Shemeji akanyoosha mkono. Mama Shuka akaushusha taratibu, kama anavyomshusha mtoto mkono mezani.

"Tuna swali kwanza," alisema, akaingia, kidole kikiwa kwenye mstari wa pili.