Mnyororo wa Darajani

Chuma cha kusubu humiminwa kikiwa uji wa moto, kikapoa katika umbo la ua, la jani, la mzabibu. Ni kizuri kukitazama. Lakini, nilielezwa baadaye, hakipindi kikakuonya. Kinanyamaza, halafu kinakatika.

Daraja lile la chuma hicho lilikuwa kwenye shamba la kale la matajiri, nje ya Louisville, mbele ya Highview walikokuwa wakiishi ndugu zangu. Watu walikwenda pale kupiga picha za harusi. Mdogo wangu alikuwa ameolewa asubuhi hiyo na kijana wa Columbus, ambaye watu wake walitoka milima ya Kivu ya Kusini. Sisi ni Warundi tuliokulia kambini Tanzania. Mimi nilikuja kwa basi kutoka Buffalo. Hewa ilikuwa imesimama. Maji chini ya daraja yalikuwa meusi, hayakurudisha uso wa mtu.

Mwisho wa njia ya bustani tulikuta mnyororo umekingama mbele ya daraja, umefungwa vipande vya utepe mweupe.

Watu wengine wangegeuka. Sisi tulishangilia. Kwetu, upande wa bibi harusi hufunga njia kwa kamba au kitenge, na upande wa bwana harusi haupiti mpaka ubembeleze kwa maneno na zawadi. Shangazi yangu aliona utepe, akadhani wasichana wa kwaya yetu wametangulia kuupamba mnyororo. Wageni wakadhani ni kazi ya Shangazi. Hakuna aliyeuliza.

Shangazi akasimama mbele ya mnyororo, mikono kiunoni.

"Hapapitwi bure! Mlimlea nyinyi?"

"Ee Mama," akajibu mama wa bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, "tulikuya mbali, miguu inatuuma. Donc, unataka tulale hapa?"

"Laleni. Nyasi za Wazungu ni laini."

"Bon. Tazama basi hiki kitenge. Ukikivaa utarudia usichana."

"Usichana wangu haujaenda popote!"

Vigelegele vikapasua hewa. Shangazi akajitanda kitenge begani, akaufungua mnyororo kwa mkono wake mwenyewe, akautupa nyasini.

Mdogo wangu akatangulia, pekupeku, viatu mkononi, kwa sababu visigino vilikuwa vikizama katika udongo wa bustani. Nyuma yake mumewe na mimi, kisha kina mama, kwaya, simu zilizofungwa kwenye fimbo ndefu, na mwisho mpiga ngoma. Bibi harusi wetu hapelekwi kimya. Hupelekwa kwa vishindo. Tulilijaza daraja, tukacheza papo hapo, miguu yote ikitua pamoja.

Mdogo wangu akanigeukia. Hakuwa akicheka.

"Dada, linatetemeka."

"Ni ngoma hiyo."

"Ngoma iko nyuma. Hii inatoka chini."

Nikatazama ukingo. Kati ya majani mawili ya chuma palikuwa na mstari mweusi, na kila tulipokanyaga ulifunguka kama midomo, ukafumba. Nikapiga kelele, "Acheni!" Mtu akadhani napiga kigelegele, akanijibu kwa kingine. Nikapunga mikono. Mpiga ngoma akaona napunga, akaongeza kasi.

Ni Shangazi, aliyebaki mlangoni mwa daraja na kitenge chake, aliyeusoma uso wangu. Alijua watu wetu hawazuiwi kwa kelele. Akainua mikono yote miwili.

"Tuombe!"

Ngoma ikafa. Vichwa vikainama. Katika kimya kile tulisikia sote: mlio mwembamba, mrefu, kama jino likisaga jino.

"Baba Mtakatifu," Shangazi akaomba, "waongoze walio nyuma watoke polepole, mmoja mmoja, bila kishindo. Mpiga ngoma, Baba, mwondolee kiburi, atangulie. Wanene wasisukumane. Na mwanangu aliye mbele kabisa, Bwana, usimwache."

"Amina," wakanong'ona, wakaitii ile sala. Walirudi kinyumenyume. Bwana harusi alitaka kumsubiri mkewe. Mdogo wangu akatikisa kichwa, akamwashiria aondoke, asiongeze uzito. Akabaki peke yake katikati, gauni limemjaa kote, nyayo zikipapasa kila ubao kabla ya kuukanyaga. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoka, nikamnyooshea mkono nikiwa nyasini. Alikuwa bado mbali.

Mguu wake ulipogusa nyasi, nyuma yake kitu kilikatika, tap, kama kijiti. Jani moja la chuma likadondoka. Maji yakalimeza bila kelele.

Shangazi alikuwa amepiga magoti akiutafuta mnyororo. Kando yake aliokota kibao cha onyo kilicholala kifudifudi, chenye maandishi mekundu ya Kiingereza. Hajui kukisoma. Hakutuomba tumsomee. Akahangaika kuufunga mnyororo, mpaka mama wa bwana harusi akainama kumsaidia.

"Sasa njia imefungwa kweli, Mama," alisema yule mama, taratibu.

Shangazi akakivua kitenge begani, akakifunga katikati ya mnyororo, kikaning'inia na maua yake mekundu mbele ya daraja tupu.

Picha tulipigia nyasini. Wote tunaitazama kamera, isipokuwa bibi harusi. Yeye anatazama miguu yake.