Hasira za Mama Mapazia

Watu wa mtaa walimwita Mama Mapazia, ingawa hakuzaa mtoto wa jina hilo. Jina lilitoka kwenye kazi, maana madirisha ya mtaa ule, kama si yote basi mengi, yalivaa alichoshona yeye. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, pamoja na wifi yake, dada mdogo wa mumewe. Vyerehani vyao vilitazamana, na katikati ilikaa meza ndefu ya kukatia. Wifi alikuwa na mdomo. Mteja akiomba apunguziwe, Wifi humjibu kwamba bei haipungui, ila anaweza kupunguziwa dirisha. Mama Mapazia hucheka mpaka anaacha kukanyaga cherehani. Wanaosema mawifi hawapikiki chungu kimoja walikuwa hawajafika pale.

Kisha mwili ukaanza visa. Kwanza joto, linalozuka kifuani na kupanda shingoni, jasho likimchuruzika huku wenzake wamevaa sweta. Usingizi ukamhama. Hedhi ikawa mgeni asiye na adabu: inakuja bila taarifa, kisha haionekani miezi. Hayo aliyavumilia. Lililomshinda ni moyo. Aliamka na huzuni isiyo na mwenyewe, akaingia bafuni kulia huku amefungulia maji ili asisikike. Mchana ilimjia hasira. Uzi ukikatika, mkasi unaruka. Mumewe, fundi mizani, mtu mpole kupita kiasi, alianza kupitia mlango wa nyuma akirudi kazini, na nani amlaumu?

"Mke wangu, unaumwa?" alimuuliza siku moja.

"Mimi mzima. Wagonjwa ni nyinyi mnaonikodolea macho."

Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliamini akili inamtoka, na akaona heri aitwe mkali kuliko aitwe mwendawazimu. Tena mambo ya mwili alilelewa kuyafunika. Basi akayafunika, hata kwa Wifi aliyeketi mbele yake kutwa nzima.

Ndipo ikaja kazi ya mapazia ya jukwaa la ukumbi mmoja, mahameli mekundu mazito. Mahameli ni kitambaa chenye kiburi. Manyoya yake hulala upande mmoja, na kipande kimoja kikikatwa kwa kugeuzwa, kinaonekana rangi nyingine kabisa hata kama kimetoka jora lilelile. Ndiyo maana kwao kulikuwa na sheria: anayetandika ndiye anayechora mishale ya chaki nyuma ya kitambaa, na ndiye anayekata mpaka mwisho. Siku ile alitandika Mama Mapazia. Katikati ya kukata, joto likamshika, akatoka kunawa uso, akarudi, akatandika upya, akaendelea.

Mapazia yalipotundikwa na taa za jukwaa kuwashwa, matatu yalikuwa mekundu na moja likawa kama limemwagiwa wino. Msimamizi wa ukumbi akaguna. Vibarua waliopanga viti wakaanza kucheka. Mama Mapazia akahisi moto unampanda, akamgeukia Wifi mbele ya wote.

"Umenikatia kichwa chini miguu juu! Hukuweza kushika mume, utaweza kushika mkasi?"

Kicheko kikakatika ghafla. Wifi, aliyeachwa na mumewe kwa ajili ya mwanamke mwingine, na ambaye alikuwa hajawahi kulitaja jambo lile hata kwa mzaha, alivua shingoni futikamba yake ya kupimia vitambaa, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Akatoka.

Pazia lilirudishwa nyumbani. Mama Mapazia akaligeuza, akaona mshale wa chaki. Wifi huchora mishale mifupi. Ule ulikuwa mrefu, wa mkono wake mwenyewe. Akaketi sakafuni na lile pazia mapajani, akalia kwa sauti, safari hii bila kujali nani anasikia. Hata hivyo hakwenda kumwomba radhi Wifi, ambaye tangu siku ile hakurudi kazini. Kila asubuhi alisema ataenda jioni, na kila jioni aibu ilikuwa imenenepa zaidi.

Kilichompeleka zahanati mwishowe ni kukosa usingizi. Muuguzi, mwanamke aliyemzidi umri kidogo, alimuuliza habari za hedhi, kisha akamuuliza taratibu, "Na unalia bila sababu?"

Jibu likawa machozi.

"Akili yako ni nzima, dada yangu. Mwili unaelekea kukoma hedhi, na kuna wanawake ambao kipindi hiki moyo huwayumba vibaya. Kuna matibabu, daktari atakuona leo. Nyumbani umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi umebeba mzigo wa watu wawili."

Alitoka amepumua, na hapohapo uchungu ukamkaba. Kumbe lilikuwa jambo la kusemeka, na aliyefaa kuambiwa alikuwa mbele yake siku zote.

Akaenda moja kwa moja kwa Wifi, aliyekuwa sasa akishona mashuka peke yake kwenye chumba alichopanga. Akamweleza yote: mshale, joto, bafuni, muuguzi. Wifi akasikiliza, mkono umetulia juu ya gurudumu la cherehani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Aibu kwangu mimi?" Macho ya Wifi yakajaa. "Ningekupepea, wifi. Ningekucheka kidogo, halafu ningekupepea."

"Sikuwa mimi niliyesema vile. Ni hii hali."

"Hali ilikupa hasira, nakubali. Lakini lile neno la mume ulikuwa nalo. Lilikaa humo tangu lini, wakati mimi nachekacheka na wewe?"

Mama Mapazia kweli alikuwa nalo.

"Nimekusamehe," Wifi akasema. "Ila kurudi, sirudi. Nikikaribia mlango wako moyo unanienda mbio."

Dawa zilisaidia, na kuzungumza na mumewe kukasaidia zaidi. Usingizi ulirudi, joto likapoa, asubuhi zikawa asubuhi. Alipona vizuri kiasi cha kuweza kuhesabu sawasawa alichopoteza.

Siku moja wakakutana njiani. Wifi akasimama, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, wifi."

Kwa miaka yote ile alikuwa hajawahi kumwamkia hivyo. Wao walisalimiana kwa kutukanana kwa utani, mpaka wapita njia wakadhani wanagombana.

"Marahaba," Mama Mapazia akajibu, akasubiri kejeli ifuate. Wifi akauliza hali ya kaka yake, akaaga kwa adabu, akaenda zake.