Siitupi GPS Yangu

Kuna siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Ni siku Minayo alipoanguka kwenye shimo namba kumi na moja. Nitakueleza habari zake kwa sababu Jumapili, baada ya ibada, ulinicheka mbele ya wenzako. Uliniona nikitoa GPS yangu kwenye mkoba, ukaniuliza kama kitu hicho bado kinafanya kazi, na kama sijui kwamba simu inaweza kufanya hayo yote na zaidi. Sikukujibu kwa sababu palikuwa na wageni. Leo nakujibu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimemaliza kozi ya upimaji wa ardhi chuoni Sigalagala na nilijiona sana. Mradi mmoja mdogo ulikuwa umekuja huku Ikolomani kutia alama mashimo ya dhahabu yaliyoachwa. Unayajua mashimo hayo. Watu wamechimba huku tangu enzi za wakoloni. Wakikosa dhahabu wanahamia pengine, na shimo linabaki wazi mpaka nyasi zilifunike. Ng'ombe walipotelea humo, na watu pia. Kazi yangu ilikuwa kufika kwenye kila shimo, kuchukua kwa GPS nambari za mahali lilipo, na kuziandika. Wenzangu wangekuja baadaye na nambari hizo wasimike nguzo nyekundu kando ya kila mdomo, ili anayepita ajue asikanyage.

Nilikabidhiwa chombo hiki hiki ulichokicheka. Ukubwa wake ni kama kipande cha sabuni, kina vitufe vya mpira, kioo kidogo kisicho na rangi, na kinakula mawe mawili madogo ya tochi. Hakipigi simu wala picha. Kinakuambia ulipo, basi. Kimeanguka mtoni mara mbili, na mara moja ng'ombe alikikanyaga.

Aliyenionyesha mashimo alikuwa mama mmoja wa Malinya, Senje Muhonja. Hakuwa shangazi yangu wa damu, lakini huku kwetu mwanamke wa rika lile utamwita nani kama si senje? Alikuwa amechekecha dhahabu mtoni tangu usichana wake, na mume wake alifia kwenye mojawapo ya mashimo hayo. Aliyajua yote, hata mahali ambapo mimi niliona nyasi tu.

Sasa sikiliza kosa langu. Ilikuwa Ijumaa, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya. Tena kule Lurambi kulikuwa na mtu niliyetaka kumwona kabla ya jioni. Ndiye aliyekuja kuwa baba wa watoto wangu, kwa hiyo yeye simlaumu. Shimo la kumi na moja lilikuwa ndani ya kichaka, chini ya miti. Senje aliingia, akasimama ukingoni, akaniita. Mimi nikabaki kwenye kijia. GPS ile ukiiwasha inahitaji dakika kadhaa kutafuta setilaiti zake, na chini ya miti inachukua muda zaidi. Sikutaka kungoja, wala sikutaka matope. Nilibonyeza nikiwa palepale kijiani, nikaandika nambari. Senje akauliza kutoka kichakani kama nimepata. Nikamwambia nimepata. Siku ile nilifanya hivyo kwa mashimo manne.

Nguzo zikasimikwa pale nambari zangu ziliposema, bila mtu kuingia kichakani kuhakikisha. Chifu akawaeleza watu barazani kwamba kila nguzo nyekundu ina shimo kando yake. Wiki chache baadaye Minayo, mama mmoja mwenye watoto wawili wadogo, alikwenda kukata nyasi za ng'ombe wake. Aliiona nguzo kando ya kijia, akafanya alivyoambiwa barazani: akaizunguka kwa mbali. Kuizunguka huko ndiko kulikompeleka mpaka kwenye mdomo wenyewe, hatua kama ishirini kutoka kwenye nguzo. Alianguka asubuhi, akasikika alasiri. Walimtoa kwa kamba, mguu umevunjika mahali pawili.

Senje Muhonja alikuja nyumbani kwetu kwa miguu. Alikataa chai. Aliniambia nivae, tunakwenda hospitalini, akatangulia njiani. Mimi nilikuwa nimeshajitayarishia maneno yangu: kwamba chombo kilikosea, kwamba mawingu yalikuwa mazito. Nilijua vizuri kuwa mawingu hayana neno na GPS, lakini nilijua pia kwamba hakuna mwingine pale aliyelijua hilo. Tulipofika kando ya kitanda, Minayo alinitazama bila hasira.

"Mimi niliamini ile nguzo yenu," akasema.

Nikaanza kumweleza habari za mawingu. Senje akanikatiza.

"Hiyo kitu haidanganyangi," akasema. "Ilisema mahali wewe ulikuwa umesimama. Ni wewe hukusimama mahali ulisema. Mwambie."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hata habari ya viatu. Minayo akaniuliza ni mashimo mengine mangapi niliyoyafanya hivyo. Nikamwambia matatu.

"Basi unafanya nini hapa?"

Mwanangu, nimetukanwa mara nyingi katika maisha yangu, lakini hakuna tusi lililonichoma kama swali lile.

Kesho yake tulirudi porini, Senje na mimi, na hatukurudia manne tu; tulirudia yote. Kwenye kila shimo alinilazimisha nisogee mpaka nione giza la ndani, nishike chombo mbele ya kifua, nitulie. Halafu yeye anaimba wimbo mmoja wa kanisani, beti zote, polepole kama mtu asiye na pa kwenda, na mpaka amalize ndipo niruhusiwe kubonyeza. Hakujua setilaiti ni kitu gani, lakini kungoja alikujua. Njiani alinieleza pia yaliyo chini ya ardhi: hili lina maji, hili limejaa udongo, haya mawili yameshikana huko ndani kwa njia ambayo mume wake alisaidia kuichimba. Yote niliyaandika kwenye daftari, nambari mpya zikakaa kwenye chombo, na nguzo zikahamishwa. Mradi ulipokwisha waliniambia nikiweke, wao wanaletewa vipya. Senje tulimzika miaka mingi iliyopita. Minayo yupo mpaka leo, anachechemea.

Wewe ulikuwa chuoni wakati wa mvua ndefu za mwaka huu, kwa hiyo umesikia tu kwamba watu walifukiwa Malinya. Mimi nilikuwapo. Wanaume watatu waliingia kwenye shimo la zamani kutafuta dhahabu, mvua ikashuka, mdomo ukabomoka juu yao. Nilipofika, watu walikuwa wanachimba palepale palipobomoka, na kila sepetu moja ikitoka, udongo wa sepetu tatu unaporomoka ndani. Niliangalia daftari langu nikajua ni lipi lile. Lilikuwa mojawapo ya yale mawili yaliyoshikana. Nikasema kwa sauti kwamba kuna mdomo wa pili, tuchimbe kule.

Kiongozi wa vijana waliokuwa wakiokoa alikuwa Kelvin. Ni kijana mwema, sitaki umwone vibaya. Yeye naye alikuwa amesikia habari za mdomo wa pili. Mtu alimtumia ramani kwenye simu, na ramani ilionyesha karibu na mikaratusi. Lakini mvua ilikuwa inapiga kioo, kioo hakisikii vidole vyenye matope, na mtandao ulikuwa umekatika kabla ramani haijafunguka vizuri. Hata hivyo alikuwa amekwisha kuamua ni mikaratusini. Akakitazama chombo changu mkononi.

"Mama, kwa heshima," akasema, "hiyo imepitwa na wakati. Hata tarehe yake ni ya uongo."

Ni kweli. Chombo kile kimezeeka, na siku hizi kinaonyesha tarehe ya karibu miaka ishirini nyuma. Nilikipangusia matope kwenye sketi yangu.

"Tarehe sijakiuliza," nikamjibu. "Nakiuliza mahali."

Nikaanza kutembea. Nilibonyeza kwa kidole gumba kilichojaa udongo, nacho kikanisikia. Mshale ukanielekeza, hatua zikapungua, mpaka nikajikuta katikati ya shamba la nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe, mbali na mikaratusi, mahali pasipo dalili yoyote ya shimo; hata nguzo yetu ilikuwa imeng'olewa zamani. Watu walikuwa wananifuata wakilalamika kwamba ninawapotezea muda, na mmoja akasema nirudishwe nyumbani. Nilisimama nikangoja nambari zitulie. Niliogopa, mwanangu. Nilimfikiria Minayo, na nikajiuliza itakuwaje kama nimekosea tena, na mama za wale wanaume wapo hapo wanatazama. Lakini nilikumbuka kwamba pale nilifika. Miaka ile, nilisimama pale kwa beti zote za ule wimbo.

"Chimbeni hapa," nikasema. "Sitoki. Mkikosa, mimi ndiye nitawaambia mama zao, kwa mdomo wangu."

Aliyekuja kwanza alikuwa mmoja wa akina mama hao, na jembe lake. Hakunitazama, alianza tu kung'oa nepia. Halafu wakaja wengine, na Kelvin akatia simu mfukoni akachukua sepetu. Nilikuwa nimekosea kwa hatua mbili hivi, mdomo ulikuwa kushoto kidogo. Walipofika kina cha kiuno wakagonga mbao zilizooza, ambazo mwenye shamba aliufunika mdomo nazo kabla ya kupanda nepia, na chini ya mbao hapakuwa na udongo, palikuwa na hewa. Kelvin akalala kifudifudi akaita. Sauti ikajibu.

Wawili walitoka hai. Wa tatu udongo wa kwanza ulikuwa umemkuta, na alitolewa akiwa amefunikwa shuka. Mama aliyeanza na jembe alikuwa mama yake. Kwa hiyo usinisikie nikijisifu, na usiende kueleza watu kwamba chombo changu kiliokoa wote.

Lakini kukitupa sikitupi. Wanicheke kanisani, wanicheke sokoni, waniulize kama nakiweka kwa maonyesho. Simu yako nayo inasikia setilaiti zile zile. Nimesomea mambo hayo, usinifundishe. Nambari zote nimekunakilia, zitie kwenye simu yako na uwagawie wenzako. Mimi nitaendelea kununua mawe mawili ya tochi, kwa sababu kitu hiki nilikijaribu kwenye mvua na kikasimama nami, na hakuna aliyenionyesha kosa lake isipokuwa kwamba ni cha zamani.

Nasaha yangu basi ni hii, mwanangu. Kifaa chochote kitasema kile ulichokifanya. Usiandike kwamba umefika mahali ambapo hukufika, hata kama hakuna anayekuona, kwa kuwa kuna mtu usiyemjua atakayeamini ulichoandika na kuweka mguu wake hapo. Ukikosea, nenda kwa yule uliyemuumiza umwambie mwenyewe, halafu uondoke ukarekebishe yaliyobaki. Na ukishafanya kazi yako kwa haki, usikubali mtu akutoe kwenye ukweli wako kwa sababu tu chombo chako kimechakaa au nywele zako zimeota mvi. Mwambie achimbe, na usisogee.

Nyasaye, Mungu wetu, akuongoze. Akupe subira kabla ya kusema umefika, na akupe moyo mgumu siku watakapokukataa nawe unajua. Wanaokuamini wasijutie kukuamini, na watoto wako wapite salama kila mahali ulipoweka alama.