Kipenyo cha Katikati

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa karakana pale Daraja Mbili hakunipa overoli wala pa kukaa. Nilimwamkia, "Shikamoo." Akaitikia marahaba huku akivitazama viatu vyangu, kisha akauliza, "Pai ni ngapi?"

"Ishirini na mbili kwa saba."

"Hiyo ya shuleni imezidi kidogo. Kwa sufuria haina neno. Kwa tangi la kipenyo cha mita tatu inakuongezea karibu milimita nne za mzingo. Hapa tunatumia tatu nukta moja nne moja sita."

Tangu siku ile sijatulia. Bangili, pipa, ukingo wa mwezi: gawa mzingo kwa kipenyo, jibu ni lile lile. Halafu lenyewe haliishi! Leo kompyuta zimetafuta tarakimu zake kwa matrilioni bila kufika mwisho, na wanahesabu walishathibitisha zamani kwamba mwisho haupo. Sisi tarakimu nne baada ya nukta zilitutosha kujenga matangi.

Karakana ilikuwa na desturi ya kuitana. Bamba la chuma halikukatwa mpaka mmoja aite kipenyo kwa sauti, na mwingine apige hesabu na kuitikia mzingo, nao uandikwe kwa chaki juu ya bamba. Aliyeita ni Fundi Zakaria, Mmeru wa mlimani, mkono mwepesi na maringo ya haki yake. Mimi, msichana pekee mle ndani, niliitikia.

Ninyi mnaokata kwa mashine za kompyuta huenda hamjui taabu ya unene. Bamba likikunjwa, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa. Ni katikati tu ambapo urefu haubadiliki. Kwa hiyo kipenyo cha kuita ni cha katikati, yaani cha ndani ukijumlisha unene wa bamba. Na hapo pai ina ujeuri wake. Ukisahau unene wa milimita sita, mzingo unapungua karibu milimita kumi na tisa, uwe unakunja ndoo au unauvisha Mlima Meru mkanda. Ukubwa wa duara haupunguzi kosa hata chembe. Wajukuu zangu walinibishia mpaka nikawakatia kamba wapime wenyewe.

Kosa hilo lilitupata kwenye tangi la zahanati moja ya mlimani, ambako akina mama walikwenda kujifungua wakiwa na madumu yao ya maji. Meneja alikuwa ameshatutangazia kwamba atakayeharibu bamba jingine aende kwao.

"Mita tatu!" akaita Zakaria.

"Tisa nukta nne mbili tano!" nikaitikia.

Akakata. Tulipolikunja, ncha mbili zikagoma kukutana na kidole changu kikapita kwenye mwanya. Alikuwa ameita kipenyo cha ndani.

Msimamizi alikuja, akapima, akakuna kidevu. "Acheni kuutazama mwanya, ugawanyeni kwa pai," alisema. "Vuteni ncha zikutane, kipenyo kitapungua milimita sita tu. Kitako cha tangi tutakisaga milimita tatu kuzunguka, kiingie." Tukafanya hivyo. Tulilijaza maji na halikuvuja hata tone.

Meneja akalizunguka. "Tangi limepona. Nani aliita?"

Zakaria akainua mkono. Akaambiwa akabidhi vifaa, akaondoka bila kututazama.

Mimi nilibaki na swali moja likinisumbua: kwa nini sikumuuliza kama kipenyo ni cha ndani au cha katikati? Nilihamishiwa Olasiti kwenye mabomba, chini ya Mhandisi Mkazi, kisha kiwanda cha kahawa, kwa Mkuu wa Mitambo. Kote huko sikuitikia kabla ya kuuliza, mpaka wakanibandika jina la Mama Katikati. Walicheka, nami nikacheka nao, lakini roho haikutulia.

Nimestaafu sasa, na kukaa bado kunanishinda. Juzi nilikwenda sokoni Kwa Mrombo, nikamkuta Zakaria amezeeka, anauza ndizi mshare, zile za kupika.

"Shikamoo, fundi. Siku ile ningekuuliza tu..."

"Marahaba. Usijisumbue, mwenzangu. Uliponijibu tu nilikumbuka kwamba sijaongeza unene. Nilijua kabla sijakata."

"Ukakata?"

"Nijirudi mbele ya msichana? Nilishindwa."

Hasira zilinipanda. Nikamuuliza, "Na kama ningekuwa mwanamume?"

Akaanza kuzipanga upya ndizi zake zilizokwisha pangwa. "Ningefuta chaki," akasema, "tungecheka, tungeendelea na kazi."

Nilikaa juu ya kreti lake nikalia, soko zima likinitazama.