Sekunde Kumi na Moja za Nyar Karungu

Baba yangu alimfuta mama yangu Jumamosi moja saa nne asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkono wa kushoto, kwa kubonyeza herufi S. Hakujua alichofanya. Alikuja kujua kesho yake, mbele yangu, na mimi nilikuwa nimembeba mtoto.

Nianze na baba mwenyewe, maana asiyemjua atadhani ni mzembe. Nicanor si mzembe hata kidogo. Huyu ni mtu anayehifadhi risiti ya balbu mpaka balbu iungue. Alikuwa mwalimu katika chuo kidogo cha kupiga chapa mjini Homa Bay, chuo ambacho miaka ya tisini kiliongeza kompyuta sita ili kisiachwe nyuma, kikaachwa nyuma hivyohivyo. Kilipofungwa, kompyuta moja ilikuja nyumbani kwetu Makongeni. Ilikuwa ya rangi ya maziwa. Siku hizi ina rangi ya meno ya mvuta sigara, lakini inawaka.

Ndani yake kuna programu ya kupiga muziki aliyoiandika mwenyewe. Inaitwa Thum, neno letu Wajaluo la muziki, na amekuwa akiirekebisha kwa karibu miaka thelathini. Wanaume wa rika lake wana ng'ombe, wengine wana siasa, wengine wana mambo ambayo wake zao hawayajui. Baba ana Thum. Kila toleo lina namba yake na ukurasa wake wa maelezo: hapa nimerekebisha mlio uliokuwa unakwama, hapa nimepunguza uzito. Duniani kuna watu kama mia mbili wenye ugonjwa huohuo, wanaotunza kompyuta za kale na kuandikiana mtandaoni, na huko baba anaheshimiwa kuliko mtaani kwetu, ambako watu humletea redio zilizoharibika na kushangaa anapokataa kuzitengeneza.

Nieleze kidogo Thum inavyofanya kazi, sitamchosha mtu. Wimbo kwenye kompyuta hizo una sehemu mbili. Kuna vipande vya sauti: uzi mmoja wa nyatiti, kinanda chetu cha nyuzi nane, uliopigwa mara moja, njuga moja, pigo moja la ngoma. Halafu kuna orodha inayoiambia kompyuta ipige kipande kipi na wakati gani. Programu za watu wengine hufuata orodha mpaka mwisho, basi. Baba aliona huo si muziki. Kwetu, watu wakicheza, yeyote anaweza kumsimamisha mpigaji katikati ya wimbo, akataja kwao, akajipamba kwa majina yake ya sifa, watu wakashangilia, kisha nyatiti ikaendelea palepale ilipoachia. Tunaita pakruok. Wimbo usioweza kukatizwa na mtu, baba anasema, ni wa kuuzia sabuni. Kwa hiyo Thum ilikuwa na kitu ambacho programu nyingine haikuwa nacho: ukibonyeza kile kitufe kirefu cha chini, wimbo unasimama, mtu anajisifu, wimbo unaendelea.

Na mtu huyo alikuwa mama.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Baba alikuwa chuoni akirekodi nyatiti, mama akamletea chakula cha mchana, mimi nikiwa tumboni. Akaiona maikrofoni, akaweka chini sufuria, akamnyang'anya. Maneno yake nayajua kuliko sala, akianza kwa Kijaluo kwamba yeye ni Damaris binti wa Karungu: "An Damaris nyar Karungu! Ninayecheka kabla ya kusalimu, mke wa mtu anayeongea na mashine. Mashine, nyamaza kwanza, mwenye nyumba amefika!" Halafu anacheka, na kicheko kinakatwa katikati kwa sababu nafasi iliisha. Sekunde kumi na moja. Nilipokuwa na mwaka mmoja na nusu, homa ilimchukua kwa siku nne. Sikumbuki uso wake, sikumbuki mkono wake. Nilikuwa na zile sekunde kumi na moja tu, kila Jumapili baada ya kanisa, mpaka nikaolewa nikahamia Migori.

Utaniuliza mbona sikurekodi kwa simu. Nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka. Simu yangu ina picha za mandazi, ina video ya mbuzi wa jirani aliyepanda juu ya pikipiki. Ya mama nilikuwa nasema nitarekodi siku moja, na siku yenyewe haikuwa na haraka.

Sasa, huko mtandaoni, bwana mmoja wa Poland alimwomba baba msaada. Kompyuta yake ilikuwa na kumbukumbu ndogo, nyimbo zilikuwa zinagoma. Je, Thum haiwezi kuondoa vipande vya sauti visivyotumika? Lilikuwa ombi la adabu, tena la maana. Baba alilifanyia kazi wiki tatu. Toleo la 4.1: ukibonyeza S, programu inasoma orodha ya wimbo, inahesabu kila kipande kimeitwa mara ngapi, na kile ambacho hakikuitwa hata mara moja kinafutwa. Alijivunia sana. Alinipigia simu kunieleza, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nikimbadilisha mtoto nepi.

Jumamosi hiyo akaijaribu kwa nyimbo zake zote kwa mkupuo. Zikawa nyepesi. Na kwa sababu yeye si mzembe, akachukua disketi zake za akiba, seti tatu, moja ya kabatini, moja ya chini ya kitanda, moja ya kwenye bati la biskuti, akaandika nyimbo mpya juu ya zile za zamani, ili kila kitu kilingane. Angekuwa mvivu tungepona.

Jumapili nilifika na binti yangu wa miezi mitano. Jina lake Damaris, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuja Homa Bay. Nilikuwa nimempangia: atasikia sauti ya mwenye jina. Baba alivaa shati jeupe. Akawasha, nyatiti ikaanza, akanitazama kwa lile tabasamu lake la mwalimu, akabonyeza.

Wimbo ukasimama. Pakawa kimya. Wimbo ukaendelea.

"Ngoja, nyara," alisema, yaani binti yangu. "Labda ni spika." Akabonyeza tena. Akaenda kabatini. Akaenda chumbani, nikamsikia anapiga magoti. Akarudi na bati la biskuti, akaanza kuziingiza disketi moja moja.

Alipomaliza ya mwisho alikaa. Mtoto alikuwa amelala begani kwangu.

"Hakuwa kwenye orodha," alisema. "Pakruok haiandikwi kwenye wimbo. Inaukatiza. Programu imeangalia orodha, ikaona hakuna anayemwita."

"Wewe ndiye ulikuwa unamwita, baba."

"Mimi simo kwenye orodha."

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Moja nitalisema kwa sababu bado linaniuma: nilimwambia mama alikufa mara moja kwa homa na mara ya pili kwa mkono wake. Baba alikuwa anafunga kifuniko cha bati, kinagoma, anajaribu tena.

Nilirudi Migori jioni ileile; asubuhi alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hakulala. Alikuwa amekumbuka kwamba chuo kilipofungwa, kompyuta nyingine ilichukuliwa na Mirumbe, mwanafunzi wake wa zamani, na wimbo ulikuwa ndani ya ile mashine, kwa sababu alikuwa akiufundishia. Hakuwahi kuutoa kwa mtu mwingine yeyote. Hata kule mtandaoni aliona haya kuwapa wageni sauti ya mkewe. Mirumbe sasa anasaga mawe ya dhahabu Macalder.

Nilipanga kutomsemesha, lakini nilikwenda. Tulikutana Migori mjini, tukachukua gari moja, na njia nzima alishika begi la disketi tupu kifuani. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Sikutaka kumhurumia, na nilimhurumia, na hilo likanikasirisha zaidi.

Mirumbe tulimkuta kwenye kinu chake, mweupe kwa vumbi kuanzia kope mpaka viatu. Ni Mkuria, kwa hiyo hapo tuliongea Kiswahili. Alipomwona baba alijipangusa mikono kwenye suruali, akainama kama mtoto wa shule.

"Mwalimu! Hapa kwangu? Karibu, karibu sana. Mngenipigia simu ningetuma kijana awapokee barabarani."

Baba hakuwa na nafasi ya salamu ndefu. Akauliza kompyuta iko wapi.

Mirumbe akaangalia kinu, akaniangalia mimi, akaangalia chini.

"Mwalimu, wacha nikwambie ukweli. Ilikaa miaka mingi, haiwaki. Halafu kuna watu walikuja wakasema bodi za hizi machine za zamani ziko na dhahabu. Sisi hapa ukisikia dhahabu..." Akafungua mikono. "Tulizichoma. Mwaka juzi."

"Ikatoka?" baba aliuliza. Mpaka leo sielewi kwa nini aliuliza hilo.

"Kidogo tu, mwalimu. Huwezi kuiona bila kuinama."

"Na diski? Ile ya ndani, ya chuma?"

Mirumbe alitazama upande wa pipa la maji, na sisi tukatazama alikotazama. Mama mmoja, mchekechaji wa mchanga wa dhahabu, alikuwa anajiosha vumbi usoni. Mbele yake, kwenye nguzo, palikuwa na sahani ya duara inayong'aa, imepigiliwa msumari kwenye tundu lake la katikati, naye alikuwa anajitazama humo, anafuta nyusi taratibu.

Baba alisogea akasimama nyuma yake. Yule mama akapisha.

"Ni yenyewe," baba alisema.

"Haiwezi kusomeka?" niliuliza. "Kuna watu Nairobi, kuna mashine..."

"Nyara, imesuguliwa na mchanga miaka miwili. Imepanguswa kila siku kwa kitambaa." Aligusa ukingo wake kwa kidole kimoja. "Alikuwa hapa. Juu juu hapa."

Niliangalia nikaona sura yangu, na msumari katikati ya paji la uso.

Mirumbe alikuwa anaomba msamaha kwa lugha tatu. Alitaka kuing'oa amkabidhi baba, naye baba akasema hapana, iachwe, huyu mama bado ananawa. Hapo ndipo damu ilinichemka. Miaka yote ni hivyo hivyo: bwana wa Poland asikwazwe, mchekechaji asikwazwe, na mimi? Nilichukua jiwe nikaupiga ule msumari mpaka ukalegea, nikaitoa sahani nikaitia mkobani. Yule mama nilimpa kioo changu cha kujipakia poda. Alikipokea akaniangalia kwa woga, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Baada ya hapo sikumpigia baba wiki saba. Alituma salamu kwa mume wangu. Alituma samaki, nikawapika, nikawala, nikiwa na hasira vilevile. Sahani niliiweka kwenye droo ya nguo za mtoto.

Nilirudi Makongeni kwa sababu mume wangu aliniambia mzee amekonda. Kweli alikuwa amekonda. Alivuta kiti cha pili mbele ya mashine, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, akaniwekea ukurasa wa maelezo ya toleo la 4.2 nisome. Ulikuwa na mistari miwili tu. Amri ya S imeondolewa. Mwenye toleo la 4.1 tafadhali asilitumie.

"Na hii nimewatumia wale wa mtandaoni pamoja na wimbo," alisema.

"Wimbo upi?"

"Ule."

Akauanzisha. Sikuwa nimeusikia tangu siku ile. Nyatiti, njuga, nyatiti. Safari hii hakubonyeza kitu. Wimbo ukasimama wenyewe, kimya kikaja, na kikakaa. Niligeuka kumuuliza nini kimeharibika tena, nikamkuta amefumba macho, midomo yake inatembea bila sauti, na niliyajua maneno yaliyokuwa yakipita pale. Nikajikuta nimeyashika katikati, nayasema naye kimoyomoyo, mpaka kwenye kicheko, mpaka pale kicheko kinapokatwa. Ndipo nyatiti ikaendelea.

Alikuwa ameiandika pakruok yake. Sekunde kumi na moja tupu, ndani ya orodha, mahali ambapo hakuna programu itakayozifuta.

Kisha akanionyesha kwenye laptopu yake kilichokuwa kinamkondesha. Yule bwana wa Poland alikuwa ameandika, kwa adabu yake ileile. Toleo jipya ni zuri, anashukuru. Ila ameona hitilafu: wimbo uliokuja nalo unakwama katikati, sauti inapotea kwa sekunde kumi na moja, kisha unaendelea. Amejaribu kwenye mashine tatu. Je, airekebishe yeye mwenyewe, ili mwalimu asisumbuke?

"Nimemwandikia majibu manne," baba alisema. "Yote nimeyafuta. Sijui nimweleze vipi."

Nilimpa mtoto amshike. Nikavuta laptopu, nikaandika kwa Kiingereza changu cha ofisini, sentensi mbili, nikatuma kabla hajaziangalia. Aliziona baadaye, zikiwa zimeshakwenda.

Si hitilafu. Hapo mama yangu anaongea.