Kofia Niliyorudishiwa Kalenga

Nimekosa, wasomaji wenzangu, na sina wa kumsingizia. Sikulewa wala sikurogwa. Mdomo ulikuwa wangu, na kibuyu nilikichagua mwenyewe.

Nilitoka Mbeya juu ya lori la viazi. Vumbi la Chimala lilinipaka rangi, baridi ya Makambako ikanigonganisha meno, na hadi kufika Iringa nilikuwa nimelalia viazi hata mgongo umeota mabonde. Sikuwa nimeitwa na mtu. Miguu yangu haijui kutulia, ndiyo maana nilivuka miaka arobaini sina mke wala shamba. Nilikuwa nimesoma kitabu cha Mzungu mmoja juu ya yule mtwa, mtawala wa Wahehe, aliyewasumbua Wajerumani, nikatamani kuona alipoishi.

Nikapanga chumba Kalenga, jirani na Mzee Lusiano, mkulima na mtu wa kanisa. Nilipokwenda kumsalimu aliniuliza kabila. Nikasema Msangu. Akamwita binti yake, Rosina, mjane aliyekuwa amerudi kwao.

"Rosina, ficha kuku. Msangu ameingia."

Basi! Babu zetu walipigana, kwa hiyo sisi ni watani. Siku ile ile Mzee alinivua kofia yangu ya sufu, akaivaa, na Jumapili akaenda nayo misani. Nami nikamchukulia kigoda chake. Nilimwambia kitabu kinasema Wahehe walijenga ngome nene kwa kuwaogopa Wasangu. Akasema kitabu hicho lazima kiliandikwa na Msangu.

Kila Jumapili mchana nilitembea na Rosina na shangazi yake kuyafuata maisha ya mtwa: mabaki ya ngome, vilima, kingo za mto. Jioni niliwasomea kitabu. Rosina alikuwa na tabia ya kunisahihisha huku akimenya viazi. Loo, nilimpenda! Kwa mara ya kwanza miguu yangu ilitulia.

Nikatuma mshenga na jembe la posa. Likapokelewa. Kesho yake Mzee Lusiano alinirudishia kofia, imefuliwa na kukunjwa, akanikabidhi kwa mikono miwili bila neno.

Mimi mjinga nikafurahi. Nikamwambia mshenga kwamba Wahehe wamesalimu amri!

Mwaka ule ndipo kichwa cha mtwa, ambacho Wajerumani walikichukua alipokufa, kiliporudishwa Kalenga kutoka Ujerumani. Tulisimama katika umati, na Mzee Lusiano alilia. Nami nililia, naapa. Lakini kichwa changu hakikai na jambo zito hata wiki moja.

Jumapili iliyofuata ndugu wa Rosina walikusanyika kunitazama. Nikafunika kibuyu kwa kitambaa cheupe, nikakiweka juu ya sinia, nikaingia kwa mwendo wa pole kama nilivyoona kwenye sherehe. Nikakitua mbele ya Mzee.

"Waheshimiwa," nikasema, "kichwa cha Mzee Lusiano nacho kimepatikana. Kilikuwa kilabuni."

Shangazi akajifunika uso kwa khanga. Nikadhani hawakusikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi!

Mzee akainuka, akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, nikabaki na kibuyu changu.

Rosina alibaki mlangoni. "Hukuona kofia?" akaniuliza. "Alipokurudishia alikuwa anakuambia utani umekwisha. Mtani huibiwa. Mkwe huheshimiwa, naye pia huheshimu."

Nilituma watu kuomba radhi. Walipewa chakula kizuri, jibu hawakupewa.

Asubuhi moja Mzee Lusiano akaja mwenyewe chumbani kwangu na jembe langu begani. Akaliegemeza ukutani taratibu. Kisha akanyoosha mkono, akanivua kofia, akaivaa.

"Kamwene, Msangu," akanisalimu kwa Kihehe, akitabasamu. "Kofia nzuri hii. Umeiiba wapi?"

Majirani wakacheka. Nami nikacheka, nifanye nini? Alikuwa amenisamehe kabisa, na amenikosesha mke kabisa, kwa mkono mmoja.

Siku hiyo hiyo nilipanda basi la Mbeya, jembe mapajani, kichwa wazi. Rosina alikuwa kando ya barabara, akapunga mkono mara moja. Sijarudi tena Kalenga, na baridi ya Makambako ilinipata vizuri.

Ninyi mnaoposa kwa watani zenu, nawasihi: siku mkirudishiwa kofia, msishangilie. Ivaeni, mkae chini, mfunge midomo!